Deni la Paa: Mnyama, Msomaji na Haki katika Fasihi ya Kiswahili, kwa Kurejelea Mazingira ya Kitale na Bungoma

1.0 Utangulizi

Fasihi ya Kiswahili imejaa wanyama, lakini uhakiki wake hauwaoni. Kauli hii huenda ikamshangaza msomaji wa jarida hili. Je, si kweli kwamba kila kitabu cha fasihi simulizi kinachotumiwa katika vyuo vyetu kina sura nzima kuhusu ngano za hurafa, na kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kueleza kuwa sungura ni mjanja, fisi ni mlafi na simba ni mtawala? Ni kweli, na tatizo liko papo hapo. Sungura tunayemfundisha si sungura. Ni mtu mnyonge aliyevishwa ngozi ya sungura ili fanani aweze kumsema mkubwa bila kuadhibiwa. Kazi ya mhakiki, kama tulivyozoea kuielewa, ni kuivua ngozi hiyo, kumtoa mtu aliyejificha ndani yake, kisha kuitupa.

Makala haya yanakusudia kuuliza nini huipata ngozi hiyo baada ya kutupwa. Hoja yetu ni kwamba baadhi ya matini muhimu katika fasihi yetu haziruhusu usomaji wa namna hii. Zinamweka mnyama mbele ya msomaji kama mdai, yaani kiumbe ambaye amefanyiwa deni na anangoja alipwe. Msomaji anayemruka mnyama huyo ili awahi kufika kwenye maana ya kijamii hurudia, bila kujua, kitendo kilekile ambacho matini inakishutumu.

Mifano yetu mingi inatoka pwani, ilhali mazingira tunayoyarejelea ni ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, safari ya Kiswahili kutoka pwani hadi huko si ngeni katika fasihi yetu. Katika riwaya ya Siku Njema (1996), Ken Walibora anamtoa mhusika wake Kongowea Mswahili Tanga na kumfikisha Kitale katika harakati za kumtafuta baba yake. Mwandishi huyo, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mwenyeji wa eneo hilohilo, na riwaya yake ilidhihirisha kwamba Kitale ni mahali ambapo fasihi ya Kiswahili inaweza kufikia na kutulia. Pili, katika eneo hili dogo mahusiano makuu baina ya mtu na mnyama yanaonekana kwa pamoja: mnyama anayehifadhiwa, anayekusanywa, anayefanyizwa kazi na anayesimuliwa. Dai lolote la kinadharia linaweza kupimwa hapo kwa urahisi.

2.0 Ganda na Kiini

Usomaji wa istiara umetawala ufundishaji wetu kwa muda mrefu, na hapana budi kukiri kwamba umetufaa. Uliwawezesha wahakiki wa miaka ya sabini na themanini kuonyesha kwamba ngano hazikuwa vichekesho vya watoto bali zilibeba migogoro ya kitabaka na siasa za utawala. Hata hivyo, usomaji huu una dhana moja ambayo haijachunguzwa vya kutosha, nayo ni kwamba kisa ni ganda na maana ni kiini. Ganda halina thamani ila kwa sababu ya kiini kilichomo. Mnyama, kwa kuwa yuko katika kisa, huhesabiwa kuwa sehemu ya ganda.

Mfano bora wa kuipima dhana hii ni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967) ya riwaya ya George Orwell iliyotoka mwaka 1945. Tafsiri hiyo imesomwa Afrika Mashariki kama kioo cha mapinduzi yaliyosalitiwa, na usomaji huo ni sahihi. Lakini Orwell mwenyewe, katika dibaji aliyoiandikia tafsiri ya Kiukreni ya mwaka 1947, alieleza wazo la kitabu hicho lilikotoka. Alimwona mvulana wa miaka kama kumi akimwendesha farasi mkubwa wa mkokoteni katika njia nyembamba, akimchapa kila alipojaribu kugeuka. Hapo ndipo alipotambua kwamba kama wanyama wa aina hiyo wangeijua nguvu yao, mwanadamu asingekuwa na uwezo juu yao, na kwamba watu huwanyonya wanyama kwa namna inayofanana sana na ile ambayo matajiri huwanyonya wafanyakazi.

Maelezo haya yanaupindua mpangilio tuliouzoea. Mwandishi hakuanza na dhana ya kisiasa kisha akaitafutia wanyama wa kuivika. Alianza na farasi anayechapwa, na mfanyakazi akafuata. Mnyama halisi ndiye aliyezaa istiara. Basi inawezekanaje uhakiki uanze kwa kumwondoa?

Tukilikumbuka jambo hili, sehemu ya farasi Boxer inasomeka upya. Farasi huyo anajenga kinu kwa jasho lake, anaanguka kwa uchovu, kisha nguruwe wanamwuza kwa mchinjaji na kununua pombe kwa fedha zilizopatikana. Tumezoea kusema kwamba Boxer ni tabaka la wafanyakazi. Ni kweli, lakini pia ni farasi mzee, na gari linalomchukua ni gari la aina ambayo katika ulimwengu halisi liliwachukua farasi wengi waliozeeka kazini. Tena anayeyasoma maandishi ya gari hilo kwa sauti na kuwafumbua wenzake macho ni Benjamin, punda ambaye siku zote alijua kusoma lakini hakuona la maana kusomwa. Anasoma wakati Boxer amekwisha kutiwa garini na gari li karibu kuondoka. Tutarejea baadaye kwa punda huyu anayechelewa kusoma.

3.0 Kisa cha Sultani Darai: Mtama na Kisima

Miongoni mwa masimulizi aliyoyakusanya Edward Steere huko Unguja na kuyachapisha mwaka 1870 mna kisa cha Sultani Darai, ambacho kwa maoni yetu ndiyo matini ya msingi kuhusu suala hili katika Kiswahili. Maskini mmoja huishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula anamnunua paa mdogo. Majirani wanamcheka. Paa huyo anaomba ruhusa ya kwenda malishoni, anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali kama zawadi kutoka kwa bwana wake, ambaye anampa jina la Sultani Darai, na kwa werevu anampatia binti wa sultani awe mke wake. Halafu anakwenda kwenye jumba linalomilikiwa na nyoka wa vichwa saba, anamuua, na kumkabidhi bwana wake jumba hilo pamoja na mali yote iliyomo.

Kisha paa anaugua. Anamtuma bibi kizee wa nyumbani kumwambia bwana kwamba yu mgonjwa. Jibu la bwana ni kwamba apikiwe uji wa mtama. Mke anashangaa na kumlaumu, lakini bwana hajali. Paa anakufa, na bwana anaamuru atupwe kisimani. Sultani mkwe anapopata habari anakuja na kumtoa paa kisimani, na anazikwa kwa heshima na maombolezo. Mwishowe yule binti anaota yuko kwao, na akiamka yuko kwao. Mume naye anaota anachakura jaani, na akiamka yuko jaani.

Uhakiki uliozoeleka unasema kwamba kisa hiki kinahusu utovu wa shukrani, na kwamba paa anawakilisha mtumishi au rafiki aliyesahauliwa. Hatupingi. Lakini tuutazame ule mtama. Punje za mtama ndizo zilizokuwa chakula cha maskini alipokuwa jaani, na uji wa mtama ndio anaouamuru kwa paa anapokuwa amelala kwenye magodoro. Bwana anamrudishia paa umaskini wake wa zamani, kana kwamba paa ndiye mahali pa kuutupia. Mwisho wa kisa unaurejesha mtama uleule kwa mwenyewe. Mpangilio huu wa motifu ni wa kisanaa mno kuhesabiwa kuwa sadfa.

Tutazame pia kwamba paa huyu, pamoja na kusema na kuua joka kwa upanga, hakomi kuwa mnyama. Anaomba kwenda kula majani. Anaugua mwili. Anachoomba wakati wa ugonjwa si cheo wala mali bali ni kuonwa tu, yaani bwana ashuke amtazame. Hapo ndipo uzito wa kisa ulipo. Bwana hakatai kumlipa paa, kwani paa hajaomba malipo. Anakataa kumtazama. Akishakataa, mnyama aliyemjengea maisha yote anageuka kuwa kitu cha kutupwa.

Turudi sasa kwenye ganda na kiini. Mhakiki anayesema kwamba paa ni mtumishi, na kwamba akishatambuliwa hivyo hahitajiki tena, anamfanya nini paa? Amemtumia kufikia mali ya maana, kisha amemtupa kisimani. Kisa cha Sultani Darai kina tahadhari kwa msomaji wake ndani yake, na tahadhari hiyo imetupita kwa zaidi ya miaka 150.

4.0 Mwenye Dai na Mwenye Adhabu

Je, msimamo huu ni wa kisa kimoja tu? La. Katika tenzi za pwani mna Utenzi wa Ngamia na Paa, ambamo wanyama wanasema mbele ya Mtume Muhammad. Paa aliyenaswa anaomba aachiwe kwa muda akawanyonyeshe watoto wake, naye Mtume anasimama dhamana mpaka arudi. Paa anarudi kama alivyoahidi. Msamiati wa tukio hili ni wa kisheria: kuna mfungwa, ombi, dhamana na ahadi. Mnyama hapewi huruma kama sadaka. Anasikilizwa kama mwenye shauri, na neno lake linakubaliwa kuwa neno. Vilevile sababu ya ombi ni ya kinyama kabisa kwa maana nzuri ya neno hilo, kwani ni maziwa ya mama na njaa ya watoto. Huwezi kumgeuza paa huyu kuwa mtu bila kulivunja ombi lake.

Mkabala wa matini hizi mbili unafaa kuzingatiwa. Katika utenzi, paa ndiye mwenye deni, na analilipa. Katika kisa cha Unguja, mtu ndiye mwenye deni, na halilipi. Msikilizaji wa pwani aliyezijua zote mbili alijua ni nani kati ya mtu na paa aliyetimiza neno.

Shaaban Robert anatupatia hali iliyo ngumu zaidi katika Adili na Nduguze (1952). Adili, gavana wa Janibu, analazimishwa na Huria kuwachapa manyani wawili kila usiku, naye anawachapa huku akilia, kisha anawatunza kwa heshima. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya maovu yao. Mfalme Rai anapoijua siri hiyo anaingia kati, na hatimaye ndugu hao wanarudishiwa umbo la utu.

Maandishi mengi juu ya kitabu hiki yanajadili wivu, adili na msamaha. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: huruma ya msomaji inaelekezwa kwa nani? Kabla ya siri kufichuka, msomaji anaona manyani wakichapwa, na anaona ukatili. Baada ya siri kufichuka anaona ndugu wakiadhibiwa, na anaona haki iliyochanganyika na majonzi. Kwa maneno mengine, ufunuo wa kwamba manyani ni watu haukizidishi kipigo ubaya, bali unakipa sababu. Nyani asiye na hatia hawezi kuadhibiwa. Anaweza kupigwa tu. Hapa Shaaban Robert, kwa makusudi au bila makusudi, ameonyesha kwamba mnyama ni mtu pekee ambaye hatuwezi kusingizia kwamba alistahili. Msomaji anayekimbilia kiini anaikosa dakika hiyo ya kwanza, kabla maelezo hayajaja, ambapo mjeledi ni mjeledi na mwili ni mwili.

5.0 Bungoma: Mango na Joka

Inaweza kudaiwa kwamba mwelekeo huu ni wa pwani peke yake, na kwamba masimulizi ya bara yana mkabala mwingine kwa mnyama. Masimulizi mashuhuri kuliko yote miongoni mwa Wabukusu wa Bungoma yanaelekea kuthibitisha dai hilo. Mango alimuua Yabebe, joka kubwa lililowasumbua watu, katika pango la Mwiala, na kwa ushujaa huo akatahiriwa. Tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika katika miaka ya shufwa, hukumbuka tendo hilo. Hapa mnyama ni adui, na kifo chake ndicho mwanzo wa desturi.

Lakini tusiende kwa haraka. Masimulizi haya yana matoleo mengi, na katika mengi kati yake ushindi wa Mango hautokani na nguvu za mkono tu. Unatokana na ujuzi. Mango anajua joka linapotoka na linaporudi, anajua njia yake na namna linavyoingia pangoni, na ndiyo maana anaweza kulisubiri. Shujaa ni mtu aliyemtazama mnyama kwa muda mrefu. Hadhira inayosimuliwa kisa hiki haifundishwi kudharau nyoka. Inafundishwa kwamba asiyeujua mwenendo wa mnyama hawezi kuishi jirani naye.

Ulinganisho na kisa cha Sultani Darai unajitokeza wenyewe. Visa vyote viwili vina joka linalouawa. Bungoma, mtu analiua kwa ajili ya watu wake, na watu hao hawamsahau hadi leo. Unguja, mnyama analiua kwa ajili ya mtu, na mtu huyo anamsahau kabla mwili haujapoa. Tendo ni lile lile, tofauti ni katika kumbukumbu. Wabukusu wamejenga taasisi nzima ya kumkumbuka muuaji wa joka. Bwana wa paa hakujenga hata kaburi. Kwa hiyo kisa cha bara hakipingani na cha pwani. Kinatoa kipimo cha shukrani ambacho kwacho bwana wa paa anahukumiwa.

Pango lenyewe pia linastahili kutajwa. Mlima Elgon, unaotenganisha Kenya na Uganda, una mapango ambayo wakazi wake waliishi pamoja na mifugo yao, na ambayo msafiri Joseph Thomson aliyafikia mwaka 1883. Katika pango la Kitum, ndani ya mbuga ya kitaifa iliyotengwa mwaka 1968, ndovu huingia gizani wakipapasa kwa mikonga na kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Kwa watu wa mlima huu, pango linalokaliwa na mtu na mnyama halikuwa jambo la ajabu. Msomaji anayelisoma pango la Mwiala kama ishara tupu ya tumbo la uzazi au ya mauti, kama wafanyavyo wafuasi wa nadharia ya saikolojia changanuzi, amelihamisha kutoka mlimani kwake.

6.0 Punda wa Methali na Punda wa Barabarani

Tumesema kwamba namna ya kusoma ina uzito. Sasa tuonyeshe uzito huo uko wapi, na kwa ajili hiyo tumchukue punda, mnyama ambaye methali za Kiswahili zimemtendea vibaya kuliko wote. Afe punda mzigo ufike. Ahsante ya punda ni mateke. Methali ya kwanza inatoa kibali, na ya pili inatoa udhuru. Zikiwekwa pamoja zinaunda hoja kamili: mzigo ni bora kuliko mwenye kuubeba, na hata ukimtendea wema hatautambua. Walimu tunazieleza methali hizi kwa kusema kwamba punda ni mfanyakazi au mtu asiye na shukrani, kisha tunaendelea na methali inayofuata. Hatuulizi methali ingekuwaje kama punda angeitunga. Tukumbuke kwamba mtungaji ni mwenye mzigo.

Katika miji ya Kitale na Bungoma punda si jazanda. Anavuta mkokoteni wa maji, wa matofali, na wakati wa mavuno wa magunia ya mahindi. Anayemwendesha mara nyingi ni kijana mdogo ambaye naye analipwa kidogo, na fimbo iliyo mkononi mwake haina tofauti kubwa na ile aliyoiona Orwell. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayataja miongoni mwa makosa kumpiga mnyama kikatili na kumtwisha mzigo kupita kiasi. Sheria hiyo ni ya tangu miaka ya sitini, lakini methali ni ya kale zaidi na inajulikana na watu wengi zaidi. Mahali ambapo sheria na methali zinagongana, mara nyingi methali ndiyo hushinda, kwa sababu haihitaji askari wa kuitekeleza.

Yaliyompata punda wa Kenya katika muongo uliopita yanatoa ushahidi mchungu. Kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalipewa leseni nchini, yakilenga hasa soko la ngozi nchini China, ambako ngozi huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Utafiti wa taasisi ya serikali ya kilimo na mifugo uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa hadi mwisho wa mwaka 2018, kasi ambayo hakuna uzazi wa punda unaoweza kuifidia. Wizi wa punda ukaenea, na familia zilizomtegemea kuchota maji zikarudi kubeba mitungi mgongoni. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaidhinisha katazo la bara zima juu ya uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Hapa lugha yetu ya uhakiki inapata maana ya kutisha. Tulisema kwamba mhakiki humvua mnyama ngozi na kuitupa. Soko hili lilifanya kinyume chake: liliitwaa ngozi na kumtupa mnyama. Njia ni mbili, lakini katika zote punda mwenyewe hayuko.

Isisemwe, hata hivyo, kwamba utamaduni wa Waswahili hauna ila dharau kwa punda. Lamu, ambako punda amebeba mji mzima tangu zamani, kituo cha kuwatibu na kuwapa hifadhi punda kilifunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary, na wenye punda wakakubali kuwapeleka huko. Mzee aliyelelewa na methali zilezile alimwongoza punda mgonjwa hadi kwa daktari. Hili linaonyesha kwamba methali si hatima. Inaweza kujibiwa.

7.0 Kitale: Droo, Kinamasi na Mpaka

Mwaka 1974 mambo mawili yalitokea Kitale. Jumba la makumbusho lilifunguliwa chini ya Makumbusho ya Kitaifa, likirithi mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu, wanyama wengine na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966. Mwaka huohuo, kando ya barabara ya Kapenguria, kinamasi cha Saiwa kilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa, ndogo kuliko zote nchini, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 3, kwa ajili ya nzohe. Mnyama huyu ana kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope na mafunjo, na akitishwa huzama majini akaacha pua tu.

Sehemu hizi mbili zinatupatia mifano miwili ya kumthamini mnyama. Katika droo ya makumbusho, kipepeo amechomwa pini, ana jina na tarehe, na anaonekana wakati wowote. Katika kinamasi, nzohe haonekani ila kwa subira, na mgeni anaweza kukaa juu ya mnara wa mbao tangu alfajiri asimwone. Mfano wa kwanza unatoa elimu, na hatuna sababu ya kuubeza. Lakini uhakiki wetu wa ngano umekuwa wa droo peke yake: fisi = ulafi, kobe = busara, kila mmoja na pini yake. Fasihi inayostahili jina hilo iko karibu zaidi na kinamasi. Inampa mnyama mahali pa kuzama.

Yuko atakayepinga kwamba kuwajali wanyama ni anasa ya wageni, na kwamba katika nchi ambayo watu hawana ardhi mhakiki ana mambo muhimu zaidi ya kushughulikia. Pingamizi hili lina uzito wake katika eneo hili hasa. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na kumbukumbu ya kufukuzwa haijafifia. Huko Chepkitale, katika Mlima Elgon upande wa Bungoma, ardhi ya Waogiek iligeuzwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, na wenyeji wakafukuzwa mara kwa mara kwa jina la uhifadhi. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba ugeuzaji huo ulikiuka Katiba.

Kwa maoni yetu, hukumu hiyo haimwondolei mnyama dai lake. Inatukumbusha kwamba mnyama anaweza kugeuzwa istiara hata na mlinzi wake. Ndovu anayetumiwa kama sababu ya kumfukuza Mwogiek, ambaye ameishi naye msitu mmoja kwa vizazi, amevuliwa ngozi kwa mara nyingine. Ndani yake mnakaa dola. Usomaji tunaoupendekeza ungeukataa upotoshaji huo kama unavyoukataa ule wa droo, kwa sababu unauliza swali lilelile: mnyama mwenyewe yuko wapi katika maneno haya, na nani amesimama dhamana kwa ajili yake? Mnyonge kupata haki ni mwenye nguvu kupenda, methali inasema. Mwogiek na ndovu wote wawili wamewahi kungoja mapenzi hayo, na hakuna sababu ya kuwafanya wapinzani.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mnyama katika fasihi ya Kiswahili ni zaidi ya vazi la mtu. Katika kisa cha Sultani Darai yeye ni mdai aliyekataliwa, katika Utenzi wa Ngamia na Paa ni mwenye neno linaloaminiwa, na katika Adili na Nduguze ni mwili unaochapwa kabla ya kupatiwa sababu. Masimulizi ya Mango nayo yanaonyesha kwamba hata adui wa kinyama anadai kujulikana. Hatupendekezi kwamba usomaji wa istiara utupwe, kwani huo nao ungekuwa utupaji mwingine. Tunapendekeza kwamba usomwe baada ya kisa wala si badala yake, na kwamba mtu na mnyama wabaki wote wawili katika matini, mmoja akimsaidia msomaji kumwona mwenzake.

Kwa watafiti wa uzamili yako mambo mawili ambayo yanahitaji kufanywa kwanza. La kwanza ni kukusanya upya, kwa lugha za wenyewe na kwa tafsiri ya Kiswahili, matoleo ya masimulizi ya Wabukusu na Wasabaoti kuhusu mapango, ng'ombe na nyoka, huku maelezo ya fanani kuhusu mwenendo wa wanyama hao yakirekodiwa kama sehemu ya matini. Mara nyingi maelezo hayo huachwa nje kwa kudhaniwa kuwa si fasihi. La pili ni kuzichunguza methali za punda kwa wanaomwendesha punda. Inafaa tujue kijana wa mkokoteni mjini Kitale anaielewaje methali ya mzigo kufika, na kama yeye mwenyewe anajihesabu upande wa bwana au upande wa punda. Benjamin aliyasoma maandishi wakati gari lilipokuwa karibu kuondoka. Wahakiki wa leo bado wana nafasi ya kusoma mapema kuliko yeye.